Daftari la Msiba na Stika za Manispaa

Baba yangu alifanya kazi manispaa hadi kustaafu, kwenye dirisha la leseni, na aliamini kwamba kitu kisicho na muhuri hakipo. Leseni ya baiskeli, leseni ya mbwa, kibali cha kupiga muziki harusini, vyote vilipita mikononi mwake. Ndiyo maana nasema bila kumkosea heshima marehemu kwamba angekuwa hai siku manispaa ilipotangaza stika za kuegesha magari mtaani kwetu, angekuwa wa kwanza kwenye foleni, tena amevaa tai. Lakini alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na vita ile akaachiwa mama.

Mtaa wetu uko nyuma ya soko. Nyumba zake zilijengwa wakati wenye magari walikuwa daktari na padri tu, kwa hiyo hakuna aliyewaza geti. Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilipokuja, magari yakaja nayo. Mtu aliyekuwa juzi anauza viatu vya mitumba chini, leo ana gari jeupe kutoka Japani lenye maandishi ubavuni ambayo hakuna aliyejua yanasema nini, labda yanasema tunauza samaki. Magari yalilala barabarani, kila moja mbele ya nyumba ya mwenyewe, na majirani hawakugombana. Manispaa ilipouona utulivu huo ikakosa usingizi.

Gari la matangazo likapita. Kila mkazi atalipia stika ya kuegesha mbele ya nyumba yake. Gari lisilo na stika litavutwa hadi yadi ya manispaa. Na stika haitatolewa kwa gari lisilotembea. Kesho yake wakaja vijana na ndoo za chokaa wakachora vyumba vya magari juu ya vumbi. Walichora vizuri sana, kwa kamba. Jioni mvua ikashuka kutoka Meru ikafuta vyote. Wakachora tena, ikafuta tena. Mara ya tatu waliandika kwenye taarifa kwamba vyumba vimeshachorwa, na taarifa mvua haikuweza kuifuta.

Gari lisilotembea mtaani kwetu lilikuwa moja tu, Pijo kuukuu ya baba, rangi ya maziwa, iliyokaa juu ya mawe chini ya dirisha la mama. Lilizimika wiki aliyolazwa hospitali na halikuwaka tena. Mama alilifuta vumbi kila asubuhi kabla hajafuta meza ya chai. Alianika maharage juu ya boneti, lakini kiti cha dereva hakukiruhusu kukaliwa na mtu, hata mimi mwanawe. Sikuwahi kumsikia akisema analipenda. Alisema tu, "Hilo haliendi popote." Tangazo lilipopita alisema maneno hayo hayo, safari hii kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Wakazi wakaamua kupinga. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha uhazili, basi nikapewa kazi ya kuchapa barua, nakala tatu. Aliyenisomea maneno alikuwa mzee wa duka la kona, mtu wa Tanga aliyeishi Arusha miaka mingi bila kuacha kulalamikia baridi.

"Anza kwa unyenyekevu mkubwa, mwanangu," aliniambia. "Halafu chini uwatukane kwa adabu."

Nikafanya hivyo. Jibu likaja kwamba tukutane shule ya msingi, darasa la pili.

Tulikaa watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Afisa alikuwa kijana wa suti aliyetoka Njiro na faili nene. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima, kisha akasimama ubaoni akatueleza kwamba pingamizi letu limechelewa. Wananchi walishirikishwa tangu mwanzo, alisema. Mkutano uliitishwa, wakaridhia kwa kauli moja, wakasaini. Akainua daftari juu.

"Majina haya hapa. Sitini na mawili."

Tukatazamana. Hakuna aliyeukumbuka mkutano huo. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekaa karibu na afisa, ghafla akavutiwa sana na picha ya twiga ukutani.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyekuwa na uhakika. Sisi, daftari likipitishwa penye mkusanyiko, tunasaini. Iwe harusi, kikao cha bomba la maji au chanjo ya kuku, unaandika jina na unakotoka, unaweka saini, unampa wa pembeni. Kugeuza kurasa usome kilichoandikwa juu ni kumwambia mwenye daftari kwamba humwamini, na nani anataka ugomvi huo? Kwa hiyo kila mtu darasani alikuwa anajiuliza kimoyomoyo kama kweli alikubali.

Mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Naomba nilione."

Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili. Kisha akaanza kusoma kwa sauti. Yeye aliyataja majina, mimi hapa nataja watu tu: mchungaji wetu, kwaya ya akina mama kutoka Usa River, wifi yake wa Machame, fundi seremala wa Kwa Mrombo na mkewe. Alipofika hapo akavua miwani.

"Huyu fundi ndiye aliyetengeneza jeneza la mume wangu," alisema. "Hili ni daftari la msiba."

Mzee wa duka ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo kwaya ya Usa River ndiyo iliyokubali sisi tulipie?"

Watu walicheka hadi madawati yakalia. Mwenyekiti alijitetea, masikini. Alikuwa ameagizwa kuitisha mkutano, akauitisha siku ya soko, hakuja mtu. Daftari la msiba alikuwa nalo tangu siku ya mazishi, alilichukua ili alihifadhi, na mama alipomwomba alimwambia limepotea. Mkutano ulipokosa watu akachana jalada la daftari hilo, akaandika kichwa kipya.

"Lakini watu walikuwepo," alisema. "Sijawahi kupata mahudhurio mazuri kama yale."

Mama alikuwa bado anasoma. Alipofika ukurasa wa mwisho akamgeuzia afisa. "Na wewe upo, mwanangu. Anwani, Njiro. Ulikubali kulipia stika mbele ya nyumba yangu?"

Afisa akainama akaiona saini yake. Suti ikamlegea.

"Nilikuja kumzika mzee," alisema. "Ndiye aliyenifundisha kazi."

Mpango ukaahirishwa hadi taarifa nyingine, na taarifa hiyo naisubiri mpaka leo. Watu wakashangilia. Afisa akanyoosha mkono arudishiwe daftari, maana lilikuwa kielelezo na limeshapewa namba ya faili. Mama akalikumbatia kifuani. Afisa akamtazama, kisha akaandika kwenye faili kwamba kielelezo kimepotea. Baba asingemsamehe.

Mimi nilidhani tulikuwa tunapigania gari. Sikujua mama alivyoumia mwaka ule wote. Kwetu, anayekuja msibani kwako anaandikwa, ili siku likimfika yeye nawe uende. Siku zile za msiba mama hakuwa anaona uso wa mtu, na bila daftari hakujua ni nani alikuja. Fundi seremala alifariki miezi michache baada ya baba, na mama hakwenda. Mjane wake akawa hamwitikii salamu sokoni, na mama hakuelewa kosa lake. Siku iliyofuata mkutano alibeba mkungu wa ndizi, daftari likiwa mkobani, akaenda Kwa Mrombo akakaa na yule mjane kutwa nzima. Wote wawili walilia. Baada ya hapo akaanza kuwazungukia wengine, jina kwa jina.

Jina la mwisho lilipokwisha, alimwita fundi wa vyuma aje achukue gari. Nilikasirika sana. Nilikuwa nimechapa nakala tatu!

"Mama, si tulishinda?"

Fundi alifunga kamba, akasimama, akamuuliza kwa upole, "Mama, nivute?" Mama alikuwa mlangoni na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Fundi akauliza tena. Akakikunja kitambaa, akasema, "Vuta."

Gari likashuka kwenye mawe, likaenda. Mama akalitazama mpaka likakata kona ya duka.

"Baba yako alichukuliwa hakuna aliyeniuliza," aliniambia. "Hili nimeulizwa."