Wazee wa Pakingi

Binti yangu alipopata kazi yake ya kwanza, katika ofisi ya kampuni ya utalii hapa mjini, alituambia mezani jioni moja kwamba Ijumaa ile wenzake wa kazini walikuwa wanakwenda kucheza muziki, na yeye alitaka kwenda nao. Hakuwa anaomba ruhusa. Alikuwa anatoa taarifa, kwa adabu. Mama yake aliacha kula. Mke wangu ni mzaliwa wa Kikatiti, ameimba kwaya tangu usichana wake, na kwake klabu ya usiku ilikuwa mahali pa kusikia habari zake tu, tena habari mbaya. Alinigeukia mimi, akitegemea niseme neno.

Nikasema nitampeleka mwenyewe, nitamsubiri, na nitamrudisha.

Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Mimi ni afisa mifugo. Miaka yangu yote ya kazi nimeamka kabla ya jogoo, nikapanda vijiji vya mlimani kuchanja ng'ombe, na usiku ukianza kukolea mimi huwa nimeshalala. Arusha ya usiku nilikuwa siijui kabisa. Ila kukesha nilikuwa nakujua. Nimekesha kwenye mabanda mengi nikisubiri ng'ombe azae, na nikadhani kumsubiri mtu anayecheza muziki hakuwezi kuwa kugumu kuliko hapo.

Kulikuwa kugumu. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu haina mzaha. Klabu yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya maduka, upande wa Elerai. Binti yangu alishuka na gauni ambalo mimi nililiona ni shati, akaniambia, "Asante, Baba," akapanda ngazi na wenzake. Nikabaki ndani ya gari nimejifunika shuka la Kimasai, besi ikipiga mpaka kioo cha mbele kinatetemeka. Kila msichana aliyetokeza mlangoni nilidhani ni yeye.

Nilikuwa nimeanza kusinzia mtu alipogonga dirisha. Alikuwa mzee wa Kisingasinga mwenye kilemba cha bluu, ndevu nyeupe na sweta la kufumwa kwa mkono. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nilikuwa na nyaya za kuunganisha betri. Alikuwa amesikiliza redio mpaka betri ya gari lake ikafa. Nyaya nilikuwa nazo. Gari la mtu anayezunguka vijijini halikosi vitu hivyo. Tukayaweka magari pua kwa pua, la kwake likawaka. Lakini hakuondoka. Alisimama akipasha mikono juu ya boneti.

"Unamsubiri nani?" akaniuliza.

"Binti yangu, mzee."

"Mimi mjukuu wa kike. Mama yake yuko Mwanza, kaniachia mimi. Akipata hata mafua, naulizwa mimi."

Akaenda kuchukua chupa ya chai kwenye gari lake, akaja kukaa kwangu. Ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, na baada ya kikombe cha pili nilianza kuhisi vidole vya miguu. Alinieleza kwamba alizaliwa hapa hapa mjini, kwamba babu yake alikuja kama seremala, na kwamba yeye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi ambalo kijana wake analiendesha na kumkataza asiguse kitu. Mlinzi wa Kimasai alipopita na rungu lake, mzee alimsalimu kwa Kimaa, wakaongea kwa muda na kucheka. Mimi Mmeru, niliyezaliwa jirani na Wamasai, nilikuwa naokota neno moja moja tu.

Binti yangu na mjukuu wake walitoka karibu pamoja, na ilitubidi sisi ndio tuwatambulishe. Walikuwa wamecheza ukumbi mmoja usiku kucha bila kujuana. Wakapeana namba za simu pale pale kwenye baridi, na tangu hapo wakawa wanatoka pamoja. Nasi, bila kupanga, tukawa tunasubiri pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kuzijua klabu za Arusha. Watu wengine wanazijua kwa muziki wake. Sisi tulizijua kwa nje. Kulikuwa na moja huko Njiro ambayo mvua ikinyesha pakingi yake inageuka zizi, na vijana wanaingia ndani viatu vyeupe wakiwa wamevishika mkononi. Kulikuwa na nyingine karibu na Sakina ambako mama mmoja aliuza mtori wa ndizi na nyama nje ya geti, na mimi na mzee tulikubaliana kwamba mtori ule peke yake ulitosha kumtoa mtu nyumbani. Kwenye ile ya ghorofani mlinzi alikuwa anatutunzia nafasi ukutani, mahali upepo usipofika, na yeye ndiye aliyetupa jina. Tukiingia getini aliwaambia wenzake, "Wazee wa pakingi wamefika."

Nilikuwa nimejiandaa kuona ugomvi na ulevi. Ulevi niliuona kiasi, ugomvi mara moja tu, na ulikwisha kwa wahusika kukumbatiana na kulia. Zaidi ya hayo niliona vijana wenye njaa. Niliona waongoza watalii waliotoka porini siku hiyo hiyo, vumbi la Serengeti bado liko kwenye viatu, wakiingia kucheza kabla hata hawajafika nyumbani. Wasichana walitoka wakitembea peku, wakiegemeana. Kijana mmoja aliniuliza kama gari langu ni la kukodi. Nikamwambia hapana, akaomba radhi, akaniamkia, akaenda. Mzee alitaka kujua kila muziki uliokuwa ukipigwa ndani unaitwaje. Nilikuwa sijui, basi tulimwuliza mwendesha bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria, naye akatueleza kwa subira tofauti ya singeli na amapiano, akitugongea mapigo kwenye tangi la pikipiki.

Asubuhi mke wangu aliniuliza nimeona nini. Nilimwambia nimeona baridi. Aliguna tu, lakini mara iliyofuata alinifungia chapati.

Ikafika Jumapili moja ambayo wasichana walitaka kwenda kwenye bustani moja njia ya Moshono, ambako bendi hupiga kuanzia mchana baada ya watu kutoka kanisani. Ilikuwa mchana kweupe na hapakuwa na sababu ya kumsubiri mtu, lakini tuliwapeleka kwa mazoea, tukaegesha chini ya mgrevilea, tukafungua milango ili hewa ipite. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka mabegani. Bendi ikaanza. Magitaa yalikuwa matatu na tarumbeta moja, muziki wa dansi wa enzi zetu.

Binti yangu akaja mpaka kwenye gari.

"Baba, shuka," akasema. "Huu ni muziki wako."

Nikamwambia pale panatosha, nasikia vizuri. Mzee alikuwa tayari amesimama, anajitengeneza kilemba kwenye kioo cha pembeni.

"Dokta, mimi naingia," akaniambia. Aliniita dokta kama wafugaji wanavyoniita. "Nje nimekaa vya kutosha."

Basi nikaingia. Kulikuwa na majani yaliyofyekwa vizuri, viti vya plastiki, moshi wa nyama choma, na watu wa rika langu wengi kuliko nilivyotarajia, wengine na wajukuu. Wapiga muziki wenyewe walikuwa na mvi. Mzee hakukaa. Alienda moja kwa moja mbele ya jukwaa, akainua mikono, akaanza kucheza kwa mabega, namna ya kwao, juu ya rumba ya kwetu. Kwa kitambo kidogo havikuingiliana. Kisha mpiga ngoma akamtazama, akaongeza kitu fulani katikati ya mapigo, na vikaingiliana. Watu wakampa nafasi. Mjukuu wake alijifunika uso kwa mikono, halafu akaenda kujiunga naye.

Baadaye bendi ikapumzika, zikawekwa nyimbo za vijana, na watu wakajipanga mistari kwa ajili ya ule uchezaji wa pamoja, wote hatua moja. Nikasikia wakimwita binti yangu aje aongoze. Akaenda mbele, mgongo kwetu, akaanza.

Nilimwona mtoto huyu akijifunza kutembea, kwenye sakafu ya sebule yetu. Nilimwona akiimba mashairi ya shule, akipokea kipaimara, akiingia kwenye basi kwenda chuo. Kucheza nilikuwa sijawahi kumwona. Hakuwa anajirusha. Alicheza kwa utulivu, kama mtu anayejua anachofanya na hana haraka nacho, na mistari yote nyuma yake ikageuka alipogeuka. Mwishoni mwa mstari wa pili kulikuwa na mama mmoja mnene, wa umri wa mke wangu, aliyekuwa anapotea kila walipogeuka kushoto. Binti yangu alimwona. Alipunguza hatua, akaonyesha mguu kwa mkono, akairudia mpaka mama yule akaipata, na ndipo akaurudisha mwendo. Sidhani watu wengine waliligundua hilo. Mimi nililigundua, na nililazimika kutazama pembeni kidogo.

Alipokuja kukaa alikuwa anatiririka jasho. Akanywa maji, akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia sikujua kwamba anacheza hivyo.

"Ungejulia wapi, na wewe uko nje?" akasema. "Baba, nikuambie kitu na usikasirike?"

"Sema."

"Kule klabu huwa natoka muziki ndio unaanza kunoga. Nakufikiria wewe na ile baridi. Na mzee wa watu ana kifua. Tukiwa ndani tunaulizana, tuwatoe wazee?"

Sikukasirika. Nilikumbuka jinsi walivyokuwa wakitoka wote wawili wakisema ukumbi umepoa, na sisi tukisifiana njiani kwamba tumelea mabinti wanaojua wakati. Miezi yote ile nilijihesabu mlinzi.

"Nataka siku moja nicheze mpaka nichoke mwenyewe," akasema.

Leseni ya udereva alikuwa nayo tangu chuoni. Nikamwambia Ijumaa achukue gari. Hakurukaruka wala kunikumbatia. Alinishika mkono juu ya meza, akauacha pale mpaka bendi iliporudi.

Ijumaa ile sikulala, na mke wangu pia hakulala, ingawa alijifanya amelala. Mzee alinipigia simu kuniuliza kama nimesinzia. Tukaongea juu ya bei ya saruji na ugonjwa wa miguu na midomo mpaka tukaishiwa maneno, tukabaki tunasikilizana tukipumua. Binti yangu aliporudi alituuliza kwa nini taa zote zinawaka, akavua viatu, akaenda kulala mpaka mchana.

Pakingi tuliiacha. Kilichobaki ni Jumapili ya Moshono. Mimi na mzee tuliendelea kwenda, na baada ya majuma kadhaa mke wangu akaniuliza, akiwa anakunja nguo, hiyo bustani ina nini hasa. Nikamwambia ina soda. Akasema basi atakunywa soda moja.

Alikuja na gauni la kanisani, akakaa wima na mkoba mapajani, pembeni ya mke wa mzee, ambaye naye ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilidhani hawatakuwa na la kuongea. Wakaanza na achari ya ndimu, wakaingia kwenye magoti, wakafika kwenye watoto wasiopiga simu. Mabinti hawakuwepo, walikuwa wameenda Moshi kwenye harusi. Bendi ikapiga wimbo wa taratibu, na mke wa mzee akasema kitu sikioni mwa mke wangu. Mke wangu akatikisa kichwa, hapana. Mwenzake akarudia. Wakasimama.

"Nishikie," mke wangu akaniambia, akanipa mkoba wake. Mama yule naye akanikabidhi wa kwake.

Wakaenda wameshikana mikono, wakichagua pa kukanyaga kwenye majani, mpaka karibu na jukwaa. Mzee, aliyekuwa akicheza pale mbele, akawapisha. Nami nikabaki mezani na mikoba miwili mapajani, nikimtazama mke wangu akihesabu hatua kwa midomo.