Chumba cha Chini, Rugu

Joviana Kokushubira alikuwa akifundisha darasa la pili katika shule ya wasichana karibu na Nyaishozi, na zaidi ya hapo alikuwa na kabati. Wenzake hawakuliita maktaba. Walisema tu, "Nenda kwa Joviana mwenye kabati," kama watu wanavyosema fulani mwenye mbuzi. Lilikuwa kabati la mvule lililoachwa na mmisionari aliyerudi kwao, na ndani yake mlikuwa na vitabu vya usafi, vya kilimo, vya masimulizi, vingine vimeliwa pembe na mende. Joviana alisimamisha miguu ya kabati ndani ya makopo ya maji ili mchwa wasipande. Kila Ijumaa wasichana walinawa mikono, wakapanga mstari, wakaazima.

Baba yake alikuwa mtu wa Muleba aliyehamia Karagwe kununua kahawa, kwa hiyo Joviana alikua akichekwa kwa Kinyambo chake chenye lafudhi ya Kihaya. Labda ndiyo sababu sauti yake ilikuwa ndogo. Mbele ya watoto aliongea bila shida. Mbele ya watu wazima maneno yalimkauka kinywani, naye alijijua hivyo.

Mwaka wa hamsini na nne, msimamizi wa shule, Bwana Yustus, alipita Nyaishozi kukagua madarasa, akasimama muda mrefu mbele ya lile kabati.

"Hawa wasichana wako wanauliza maswali mengi," alisema. "Wameyatoa wapi?"

"Humu, bwana."

"Basi mwezi wa tisa utakuja Rugu, kwenye mkutano wa walimu. Utawaeleza wenzako namna ya kuanzisha kitu kama hiki. Siku mbili, mchana na mchana."

Joviana alitaka kukataa, lakini mdomo ulishasema "Ndiyo, bwana."

Alifika Rugu juu ya lori la kahawa, amekumbatia sanduku la vitabu, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na ng'ombe waliokuwa wakipita barabarani walisikika kabla ya kuonekana. Mkutano ulikuwa katika shule ya juu kilimani. Madarasa mapya ya matofali yalikuwa yamegawiwa wasemaji wengine. Joviana alipewa chumba cha chini, cha udongo, peke yake chini ya mikaratusi. Watoto hawakusomea tena humo. Alipouliza kwa nini, mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja alimjibu, "Kuna baridi," akaendelea kufagia.

Baridi kweli ilikuwepo. Joviana alifungua madirisha, akafuta mabenchi, akaweka kitabu kimoja kimoja mahali ambapo kila mwalimu angekaa. Aliviweka vyote vimefungwa, majina yakitazama juu, vimenyooka. Alitaka wakiingia tu, mkono wa kila mtu ukutane na kitabu. Kisha akasimama mbele ya ubao akangoja.

Kengele ikalia. Kule juu aliona miavuli na majani ya migomba yakisogea vichwani mwa watu kuelekea kanisani. Saa ile ile, kanisani, kulikuwa na maelezo ya mtihani mpya wa darasa la nane, na ni mwalimu gani angeyakosa hayo kwa ajili ya kabati?

Walikuja watatu. Wa kwanza Deodatha, mwalimu kijana wa Kanoni, aliyekaa mbele kabisa. Wa pili Mwalimu Melkiory, mtu mnene mwenye koti, ambaye mvua ilimkuta njiani akaingia mlango wa karibu. Alikaa nyuma, akaegemea ukuta, na punde akalala. Wa tatu alikuwa mtu mzima kuliko wengine, mwembamba, mvi zimeanza kando ya masikio. Alikuwa mzaliwa wa pale pale Rugu, na wote walimwita Ta Placidius, kama anavyoitwa mtu mzima kwa heshima. Yeye hakukaa. Alisimama kando ya mlango.

"Shikamoo, Ta. Karibu ukae, nafasi ziko tele," Joviana alisema.

"Marahaba, binti yangu. Hapa panatosha."

Joviana alianza. Sauti ilitetemeka. Mabenchi matupu yalimtazama, kila moja na vitabu vyake, naye aliona aibu kama mtu aliyepika chakula cha harusi na bwana harusi hakutokea. Alieleza habari za kunawa mikono, za kupanga vitabu, za kumwachia mtoto achague mwenyewe. Kisha, hakujua ni lini hasa, sauti yake iliacha kutetemeka.

Alikuwa anasikilizwa.

Mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa anaujua ukimya wa chumba kitupu na ukimya wa chumba kilichojaa, wala hachanganyi. Ule wa kitupu unarudisha sauti. Ule wa kilichojaa unaimeza. Joviana alisikia maneno yake yakimezwa. Hakukuwa na mwangwi. Benchi la katikati lililia kidogo, kama linavyolia mtu anapoinama mbele. Harufu ya samli na moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa ilikuwa imeingia chumbani, harufu ya miili iliyopakwa mafuta kama bibi yake alivyojipaka zamani, na pale hapakuwa na mtu aliyejipaka hivyo. Aliposimulia kwa mfano kisa kifupi cha msichana aliyevuka mto kwa ujanja, chumba kizima kilivuta pumzi. Deodatha aliinua kichwa, akageuka nyuma, hakuona kitu, akarudi kuandika.

Joviana alimaliza. Alikuwa ametoa hotuba bora kuliko zote alizowahi kutoa.

Melkiory aliamka, akajifuta uso. "Mwalimu, samahani, usingizi ulinizidi." Akatazama huku na huku. "Mbona watu wametoka haraka hivi? Walikuwa wamejaa mpaka dirishani."

Melkiory akacheka, akasema basi ameota, akainua kola ya koti akatoka mbio kuelekea kwenye ndizi na maharage. Deodatha alimshukuru Joviana, akaahidi kurudi kumwona, naye akaenda.

Joviana akaanza kukusanya vitabu. Kitabu cha kwanza kwenye benchi tupu kilikuwa wazi. Cha pili pia. Vyote, benchi baada ya benchi, vilikuwa wazi, kila kimoja ukurasa wake. Alijiambia ni upepo. Lakini vingine vilikuwa vimegeuzwa juu chini, na vingine vimelazwa ubavu, kama mtu anayevisoma amekaa pembeni. Akashika kimoja, akakiachia. Kilikuwa na joto. Joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta, ingali mbichi.

"Usikimbie," alisema Ta Placidius.

Alikuwa angali pale mlangoni. Joviana aligeuka, mikono imejaa vitabu, machozi yanamlengalenga.

"Ta, hiki ni chumba gani?"

Ta Placidius alikaa kwenye kizingiti, nje kidogo, mvua ikimdondokea begani.

"Kabla ya shule hii palikuwa na kibanda cha majani hapa. Abashomi walikuwa wanakutana hapo. Unalijua neno hilo?"

"Wasomaji. Ndivyo walivyowaita Wakristo wa kwanza. Hata kwetu Muleba."

"Eeh. Hawa hawakuwa wamebatizwa bado. Walikuwa vijana, wachungaji wa ng'ombe wengi wao, na wasichana wawili watatu waliotoroka majembe. Alikuja mwalimu Mhaya na kitabu kimoja cha kufundishia herufi. Kitabu kimoja, watu wote hao. Wakawa wanakizunguka, kimewekwa chini katikati. Basi aliyekaa huku alijifunza herufi zikiwa zimesimama sawa, aliyekaa kule alizijua zikiwa juu chini, na wa pembeni alizijua zimelala. Ukimpa kitabu akakishika sawasawa, hawezi. Lazima akigeuze kama alivyozoea."

Joviana alitazama vitabu mikononi mwake.

"Dada yangu Kokugonza alikaa upande wa juu chini," alisema Ta Placidius. "Alinibeba mgongoni akija kusoma. Nilikuwa mdogo, nakumbuka shingo yake na harufu ya samli, basi. Ile homa ya mafua iliyofuata vita ya Wajerumani iliwakuta humu. Walikuwa wameanza tu kuunganisha maneno. Walikufa wakizijua herufi, bila kuwahi kusoma habari hata moja mpaka mwisho. Walizikwa hapo kwenye mikaratusi. Mikaratusi ilipandwa baadaye."

"Na umekuwa ukiwaona?"

"Sijaona mtu, binti yangu. Nimefundisha humu miaka mingi. Watoto walikuwa wakilalamika kwamba wanabanwa kwenye benchi. Nami nikifundisha hesabu, hakuna kitu. Nikisoma kwa sauti, wanakuja." Akanyanyuka, magoti yakalia. "Hawana ubaya. Lakini leo uliwawekea kila mtu kitabu chake. Hilo halijawahi kufanyika."

Joviana hakulala. Kulipokucha alikuwa amefunga sanduku lake, akisikiliza kama lori linapanda mlima. Bwana Yustus alimkuta uwanjani.

"Nimesikia jana walikuja watu wachache," alisema kwa upole. "Ni kosa langu, nilikupanga saa ile ile ya mtihani. Usijisumbue leo. Nitawaambia umepata udhuru."

Mlango wa kuondokea ulikuwa umefunguliwa, tena na mkubwa wake mwenyewe. Lori nalo lilikuwa linanguruma kule chini. Joviana alifungua mdomo kushukuru, akasikia anasema kitu kingine.

"Nitasema, bwana."

"Na wasipokuja?"

"Nitasema hivyo hivyo."

Baadaye sana, alipoulizwa na watoto wake mwenyewe kwa nini hakupanda lori, alisema hakuwa shujaa. Aliogopa kiasi cha kutapika nyuma ya jiko. Ila tangu azaliwe hakuwahi kusikilizwa namna ile, na waliomsikiliza, alisema, walikuwa hawajamaliza.

Siku ya pili hakuja mtu hata mmoja. Deodatha aliitwa na mkubwa wake, Melkiory hakuonekana, na Ta Placidius naye hakuwepo mlangoni. Ukungu ulikuwa mzito mpaka mikaratusi ilionekana kama watu waliosimama kwenye foleni. Joviana alifunga madirisha kwa sababu ya baridi. Safari hii hakuweka vitabu kwenye mabenchi. Alitandika mkeka katikati ya chumba, akakaa chini, akaweka mbele yake kitabu kimoja cha masimulizi, wazi, ukurasa wa kwanza. Akakiinamia akaanza kusoma.

Alisoma sentensi kwa Kiswahili, akaieleza kwa Kinyambo. Lafudhi yake ilimponyoka, ya Kihaya kabisa, wala hakujali. Harufu ya samli ilikuja ukurasa wa pili. Kisha akahisi joto mabegani, magotini, joto la watu waliobanana. Hakuinua macho. Alijiambia, soma, Joviana, soma tu, ukitazama utapiga kelele.

Alifika mwisho wa ukurasa. Akanyanyua mkono ili aufunue.

Ukurasa ukajifunua wenyewe. Polepole, kwa adabu, kutoka upande wa pili wa kitabu, upande wa juu chini. Madirisha yalikuwa yamefungwa, wala hewa haikutikisika.

Sauti ya Joviana ilikatika. Kimya kikawa kikubwa, kimya cha watu wanaongoja. Akaendelea, na tangu hapo hakugusa karatasi tena. Alisoma mpaka mwisho wa kisa, na kila alipofika chini, ukurasa ulifunuliwa kwa ajili yake.

Aliposema neno la mwisho, joto likaondoka upande mmoja, kisha upande mwingine, kama watu wanaoinuka mmoja mmoja na kuaga kimoyomoyo. Mwisho akabaki mwanamke mmoja juu ya mkeka, katika chumba chenye baridi, akitetemeka na kulia kwa kelele kama mtoto.

Alipotoka alimkuta Ta Placidius ukutani, amelowa chapachapa. Alikuwa amefika mapema kuliko Joviana alivyodhani.

"Mbona hukuingia, Ta?"

"Nilijaribu," alisema. "Hapakuwa na nafasi." Akauliza kwa sauti ya chini, "Umekimaliza?"

"Nimekimaliza."

Ta Placidius alijifunika uso kwa mikono miwili, na Joviana alisimama kando yake mpaka mvua ikapungua.

Chumba kile kilianguka katika mvua za miaka michache baadaye na hakuna aliyekijenga upya. Joviana aliendelea kuitwa kwenye mikutano, Kanoni, Kyerwa, mara moja hata Bukoba. Wasikilizaji wake hawakuwahi kuwa wengi. Mara nyingine walikuwa mtu mmoja na mpishi. Wasemaji wengine walimwonea huruma, wakashangaa anavyotoa hotuba nzima, bila kukata kipande, kwa mabenchi yaliyo tupu. Hakuwaeleza kitu. Kupita Rugu kulimtia baridi mpaka uzeeni, na hakuwahi kuingia tena njia ya mikaratusi peke yake.

Deodatha alikuja kumwona Nyaishozi kabla mwaka haujaisha, kama alivyoahidi. Alitaka ashauriwe atengeneze kabati la namna gani. Waliketi barazani wakachora chini kwa kijiti, wakibishana urefu wa miguu na mahali pa kuweka kufuli. Jioni wakafunga vitabu vya kuanzia kwenye baiskeli yake kwa kamba za migomba, na Joviana akamsindikiza mpaka kwenye mteremko wa barabara ya Kanoni, akiishika baiskeli kwa nyuma isije ikamkimbia.