Nyasi Alizopanga Kilian

Kila Alhamisi jioni, wanajumuiya wa Mtakatifu Anjela walipomaliza kusoma Injili na kuitafakari, mwenyekiti wao Mama Ottilia aliwazungusha kwenye shukrani. Kila mtu alitaja jambo moja. Mwenye ng'ombe aliyezaa alitaja ng'ombe, mwenye mtoto aliyepona alitaja mtoto, na aliyekosa la kutaja alishukuru kwa pumzi. Zamu ilipomfikia Walburga watu walikuwa wanatabasamu kabla hajafungua mdomo, maana ya kwake waliijua.

"Namshukuru Mungu kwa kunirudishia Baba Loveth."

Alikuwa akisema hivyo tangu Mei ya mwaka uliopita, mume wake Kilian alipotoka hospitali ya misheni kwa fimbo, kiharusi kikiwa kimeuua mkono wake wa kulia na kuulegeza mguu. Miezi ya mwanzo maneno yale yalitoka na machozi. Baadaye yalitoka makavu. Kufikia Kwaresima hii yalimtoka kama mtu anavyoitikia jina lake darasani, na nyuma yake kulikuwa na jambo ambalo hangeweza kulitamka mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu: alirudishiwa mume, lakini kazi za mume zilibaki kwake. Kila aliyekutana naye njiani alimwambia, "Mungu ana makusudi yake, Mama Loveth," kisha akaendelea kwenda shambani kwake na mikono yake miwili.

Makusudi gani? Alijiuliza akiosha vyombo, akichuma kahawa, akimfunga mume wake vifungo vya shati. Hakuwa mtu wa kubishana na Mungu. Lakini siku nyingine, katikati ya Baba Yetu, alijikuta amenyamaza kwenye "utakalo lifanyike" kama mtu aliyesimamishwa na mto uliojaa.

Mwaka huu lililomkosesha usingizi lilikuwa maharage. Mwaka uliotangulia walikula ya kupewa. Sasa Loveth, binti yao, alikuwa kidato cha pili shule ya bweni, na kila mwanafunzi alitakiwa kurudi na maharage yake. Na nyumbani napo palikuwa na midomo miwili na mbegu ya mwakani. Mashamba yao ya karibu yalikuwa zamu ya mahindi. Lililobaki ni shamba la bondeni, lililolala miaka kumi na minne, na mteremko wake ni wa kumfanya mbuzi afikiri mara mbili.

Umatengoni mteremko wa namna hiyo haulimwi hivi hivi. Unalimwa kwa ngolo. Majani yanafyekwa mwezi wa tatu, yanaachwa yakauke, kisha mwanamume anayapanga chini kwa mistari inayokatizana, shamba zima linakuwa miraba. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi. Panabaki shimo, na pande zake nne matuta, na maharage yanapandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia mashimoni badala ya kuteremka na udongo wote mpaka mtoni. Kufyeka unaweza kuomba watu, ukawapikia. Kupanga nyasi ni kwa mwenye shamba. Walburga alifukia nyasi za Kilian miaka ishirini na mitatu, lakini kupanga hakuwahi kupanga hata mstari mmoja.

Jumuiya walikuja kufyeka. Nyasi zilipokauka, Walburga alitaka kumwomba shemeji yake Ildefonsi, jirani wa ng'ambo ya kijito, aje kuzipanga. Kilian alikataa.

"Nitapanga mwenyewe."

"Kwa mkono gani, Baba Loveth?"

"Huu uliobaki. Au huu nao unataka kuuazima kwa Ildefonsi?"

Basi akapanga. Alianzia chini kabisa, akitambaa zaidi kuliko kutembea, akizikumbatia nyasi kwa mkono wa kushoto na kuzibana kwa goti. Kila siku alipanda ngazi moja. Kwa kuwa njia ya kutoka nyumbani inaingilia juu, na mguu wake ulikuwa mzito, hakurudi tena alikokwisha kupita. Na shamba lina bega katikati, kwa hiyo aliye juu ya bega haoni ya chini yake.

Walburga aliyaona. Siku ya kwanza aliposhuka na jembe alisimama akiwa na neno kooni. Mistari ilikuwa imepinda. Mmoja ulianza vizuri, ukazunguka kama mtu anayekwepa dimbwi, ukaishia pasipo na maana. Akaliangalia jembe, akaziangalia nyasi. Angesema nini? Mtu aliyeshinda miezi kumi kitandani na kwenye kiti, leo amerudi na matope magotini anaomba ugali kwa sauti.

Hakusema. Kesho yake aliamka mapema, akashuka kabla ya Kilian, akainyoosha mistari yote kwa kamba ya katani kama anavyonyoosha matuta ya mboga, ndipo akachimba na kufukia, na nyuma yake akapanda. Akafanya hivyo na siku ya pili, na ya tatu. Mgongo ulimuuma mara mbili, kwa kazi yake na kwa kazi ya mume wake. Jioni Kilian alikuwa akimwambia, "Umeonaje ile ya jana?" naye alijibu, "Nzuri," na neno hilo moja lilimchosha kuliko jembe.

Wiki ya pili, Alhamisi, walikwenda jumuiya pamoja. Zamu ya shukrani ilipofika kwa Kilian, alikataa kukaa. Alisimama kwa fimbo.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina."

"Ndugu zangu, mimi nilidhani nimebaki wa kulishwa. Lakini Mungu ameufundisha mkono huu wa kushoto. Nimepanga nyasi kutoka kijitoni mpaka begani. Mke wangu ni shahidi. Namshukuru Mungu, peke yake."

Akina mama wakapiga vigelegele. Walburga aliangalia mkeka. Neno "peke yake" lilikuwa limemwingia kama mwiba chini ya ukucha.

Ildefonsi, ambaye mdomo wake haujawahi kupata breki, akacheka. "Ndugu yangu Kilian, huo mkono wako wa kushoto umejaliwa! Mimi kila alfajiri nikienda kukamua ng'ombe naukuta umeshafika shambani, umevaa kitenge, unavuta kamba!"

Watu wakacheka. Kicheko kikaishia njiani, maana Kilian hakucheka, na Walburga hakuinua uso. Mama Ottilia akaanzisha wimbo haraka, juu mno, hakuna aliyeufikia.

Walitembea mpaka kwenye daraja la miti.

"Nilidhani ni Mungu," Kilian akasema. "Kumbe ni wewe."

"Ningefanyaje? Ilikuwa imepinda."

"Miaka ishirini na mitatu. Ungeniambia."

"Ungesikia?" Sauti ya Walburga ilipanda yenyewe. "Na wewe umesimama mbele ya watu unamshukuru Mungu peke yake! Nani anakufunga vifungo? Nani alikugeuza kitandani? Mimi namshukuru Mungu kwa ajili yako kila Alhamisi, Baba Loveth. Kila Alhamisi! Nimemshukuru mpaka ulimi umeota sugu. Mimi nani aliwahi kunitaja?"

Kesho yake Kilian hakwenda shambani. Keshokutwa vilevile. Alikaa kwenye kiti chake ukumbini akiitazama kahawa, na alipofungwa vifungo aligeuza uso pembeni.

Mvua zilikuwa zimeanza kuhesabika. Walburga alikwenda peke yake. Sasa hapakuwa na cha kunyoosha wala cha kufukia, ilibidi apange, achimbe, afukie, apande, na kazi ya siku moja ikala siku mbili. Alisali akichimba, na sala yenyewe ilikuwa ugomvi. Bwana, umesema niombe nami nitapewa. Niliomba aishi, ukampa uhai. Ulishindwa nini kuongeza na mkono? Au ulitaka nikuombe kiungo kimoja kimoja, kama mtu anayenunua nyama?

Usiku wa Jumapili ikanyesha mvua ambayo ilizima hata redio. Asubuhi alishuka akiteleza. Juu ya bega, matuta yalikuwa yamesimama na mashimo yamejaa maji matulivu. Chini ya bega, kule alikonyoosha kwa kamba, maji yalikuwa yamepasua katikati. Mfereji mwekundu uliteremka kutoka mraba hadi mraba mpaka kijitoni, na mbegu zake, zilizokwisha kuvimba na kutoa vijino vyeupe, zilikuwa zimetapakaa ukingoni. Palipokuwa pazima ni kando tu, sehemu ndogo ambako siku moja, kwa uchovu, aliziacha nyasi za Kilian zilivyopinda, akazifukia hivyo hivyo.

Aliitazama sehemu ile kwa muda mrefu. Kisha akapanda mlima mpaka nyumbani, matope mpaka mapajani.

"Baba Loveth. Kule chini kuna nini?"

Kilian alimwangalia kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. "Kumepasuka?"

"Kumepasuka."

"Pale kuna jicho la maji. Kiangazi hulioni. Mvua zikikolea, ardhi yenyewe inatoa maji. Marehemu baba alinionyesha tulipolifungua shamba hilo mara ya mwisho, wewe ulikuwa ndani na Loveth kichanga. Nyasi za pale lazima zizunguke, maji yapewe njia ya kupumzika. Ukinyoosha, umeyachimbia barabara."

Walburga aliketi kwenye kizingiti. "Kwa hiyo haukuwa ugonjwa."

"Mistari mingine ilikuwa ugonjwa," Kilian alisema. "Sitakudanganya. Karibu na bega nilipinda kwa sababu mkono ulichoka. Lakini kule chini nilipinda kwa akili."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuuliza?" Akashusha sauti: "Alhamisi ile nilijua. Ildefonsi aliposema unavuta kamba, nilijua kule chini hakutadumu. Nikakaa."

"Ulijua, ukakaa?"

"Nilikuwa na hasira."

Hapo Walburga angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa ya haki. Mbegu zile zilikuwa chakula cha Loveth. Alihisi maneno yakipanga foleni mdomoni. Lakini aliona pia kamba yake ya katani, imetundikwa mlangoni, imelowa; na akajua kwamba mwaka mzima alikuwa akimshukuru Mungu kwa kumrudishia mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuamini kwamba amerudi. Alikuwa amempokea mgonjwa tu. Mkulima hakuwa amemtafuta.

"Vaa viatu," alisema. "Mvua hazitusubiri."

"Kamba zake siwezi kufunga."

"Nitafunga. Vaa."

Alimshusha bondeni akimshika kwapani, wakianguka mara mbili. Kilian aliketi juu ya gunia ukingoni mwa mfereji, akaanza kuelekeza kwa fimbo. Hapa. Hapana, rudi. Zungusha. Mama Loveth, hilo ni pindo la sketi au ni mstari? Walburga alijibu kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa katika Kwaresima. Palipohitaji mkono mzito alipanga yeye. Palipohitaji kujua alitambaa Kilian mwenyewe na kuziweka nyasi kwa mkono wa kushoto, taratibu, na mke wake akafukia nyuma yake bila kugusa alichokiweka. Wakati fulani mstari ulipinda mpaka ukamtia wasiwasi. Akashika jembe kwa mikono yote miwili, akaufukia ulivyo.

Siku ya tatu ya kazi hiyo Ildefonsi alisimama ng'ambo ya kijito na ndoo yake ya maziwa. "Jamani, nilikuwa natania tu ile siku!"

"Shemeji," Walburga alimwita, "aliyetania huwa anavuka na jembe."

Akavuka. Hakutania tena mpaka saa sita, na kwake huo ulikuwa muujiza wa kutosha.

Hata hivyo hawakumaliza. Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha Jumatano ya Juma Kuu. Chini ya bega palikuwa pamepandwa na pameshika, lakini ukanda wote wa juu kabisa, karibu theluthi ya shamba, ulibaki na nyasi kavu zilizokuwa hazijapangwa, na kopo la mbegu halikuwa na kitu. Mbegu za ukanda huo zilipandwa chini, badala ya zile zilizochukuliwa na mfereji. Loveth angepata maharage ya shule. Wao wawili wangekula mpaka Septemba, labda. Baada ya hapo Walburga hakujua.

Alisimama na jembe begani akiliangalia lile eneo tupu. Alitafuta ndani yake ile amani wanayoisema watu wanapotaja makusudi ya Mungu, hakuiona. Alikuta uchovu, na hasira iliyopungua kidogo, na mume aliyeketi kwenye gunia akisugua goti lenye matope, akilalamika kwamba ana njaa.

"Asante, Bwana," alisema, si kwa sauti kubwa. "Lakini ungeniambia mapema."

"Unasema nini?" Kilian aliuliza.

"Naongea na mwingine. Na wewe nipe mkono, twende."

"Upi?"

"Wowote, Baba Loveth. Simama."

Alimvuta, akasimama. Kabla ya kuanza kupanda, Kilian alimshika kiwiko kwa ule wa kushoto, akaangalia matuta yaliyokuwa yakizunguka jicho la maji, kisha akaangalia pembeni.

"Umefukia vizuri," alisema.

Wakaanza kupanda, polepole, wakipumzika kila baada ya hatua kumi.