Nilivyowapeleka watoto wa chekechea wakaguse na kunusa mikoko ya Kivinje, na mzazi aliyetaka mwanawe azoeshwe kwa nguvu

Wakuu, amani iwe nanyi. Wakubwa wa jukwaa, shikamooni.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma, nacheka, napita zangu. Leo nimejikaza niandike kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni, na hapa mtaani kila ninayetaka kumsimulia ana mtoto shuleni kwetu. Majina nimebadilisha. Yaliyobaki ni kama nilivyoyaona, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mwalimu wa chekechea Kilwa Kivinje. Kwetu ni Mingoyo, kazi ndiyo iliyonileta huku. Shule yetu ni ndogo, ya mama mmoja mtu mzima ambaye wote tunamwita Mama Mkuu. Watoto mimi wananiita Madam.

Sasa ilikuwa hivi.

Tulikuwa kwenye somo la milango ya fahamu. Ukutani kuna bango: jicho, sikio, pua, ulimi, mkono. Nanyoosha rula, nauliza, "Pua kazi yake nini?"

"Kunusaaa!"

"Na ua linanukiaje?"

"Vizuriii!"

Kuna mtoto anaitwa Shamte, mdomo wake hauna breki. Akauliza, "Madam, ua gani?"

Nikageuka kulitazama lile bango. Ua lenyewe limechorwa, jekundu, petali tano. Hata mimi sijui ni ua gani. Yaani nilikuwa nawakaririsha watoto harufu ya kitu ambacho hakipo.

Baada ya vipindi nikaingia kwenye simu kutafuta wenzetu wanafundishaje. Nikakuta nchi za watu wanauziwa mabeseni ya mchanga wa rangi, na mchele uliotiwa rangi ili mtoto aushikeshike tu halafu umwagwe. Nikamfikiria mama yangu akinikuta namwaga mchele. Nikacheka peke yangu.

Halafu nikainua macho. Dirisha la darasa langu linatazama pwani. Maji yamekupwa, tope limelala hadi mbali, mikoko imesimama imejaa ndege. Kila kitu kipo pale, bure, na sisi tumewafungia watoto ndani na bango.

Nikaenda kwa Mama Mkuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wazo zuri. Wazazi uwaambie wewe."

Kumbe alikuwa anajua ananitupa wapi.

Nikaandika kwenye grupu la wazazi kwamba tunataka kuwatoa watoto asubuhi moja, tuwapeleke ukingoni mwa mikoko wakaguse, wanuse, waonje na wasikilize. Moto ukawaka. Mama mmoja akajibu, "Matope wanayo nyumbani, shule tunawaleta wasome." Mwingine akauliza kuhusu kaa. Mwingine mtoto wake ana kifua. Mwingine aliweka tu kile kikatuni cha mtu anayeshika kichwa.

Sikuwalaumu. Mtoto ni wako, lazima uulize. Nikajibu mmoja mmoja.

Katikati ya vurugu hiyo ikaja meseji ya sauti ya Baba Hafsa. Huyu ana duka la nyavu na vifaa vya uvuvi, na kwenye grupu akiongea watu wanatulia. Akasema, "Mimi namuunga mkono Madam. Na huyu wangu naomba awe wa kwanza kuingizwa kwenye tope. Mtoto wa pwani anaogopa mchanga! Mzoesheni."

Grupu likapoa. Wazazi wakaanza kukubali.

Nilifurahi, sitaficha. Lakini lile neno "mzoesheni" likabaki sikioni.

Niwaeleze kidogo kuhusu Hafsa. Ana miaka mitano. Akili yake nzuri, anaongea vizuri akiwa na utulivu. Ila viatu havui, hata tukikaa kwenye mkeka. Gundi ikimgusa kidole analia mpaka aoshwe. Darasa likiimba kwa nguvu anaziba masikio. Anakula wali mkavu, mchuzi ukigusa punje moja tu sahani yote haliwi. Wenzake wanasema anaringa. Nyumbani wanasema deko.

Mimi sio daktari na sitaki kumpa mtoto wa watu jina la ugonjwa. Ila nikimtazama usoni gundi inapomgusa, siyo deko lile. Ni kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Basi kwenye maandalizi nikamweka yeye akilini. Siku iliyotangulia, mimi na Somoe, dada anayenisaidia darasani, tukaenda kupakagua kwa miguu. Tukaokota vipande vya chupa na ndoano zilizotupwa. Tukachagua sehemu ambayo tope halizidi kifundo cha mguu cha mtoto na mkondo wa maji uko mbali. Tukawauliza wavuvi maji yanarudi saa ngapi, kisha tukapanga kuondoka mapema zaidi ya hapo. Wazazi wachache, Baba Hafsa akiwemo, wakajitolea kuja kutusaidia kuwaangalia.

Darasani nilikuwa nimeshawafundisha ishara. Ukiona kitu hukitaki, unainua kiganja mbele ya kifua. Maana yake imetosha. Hakuna atakayekulazimisha, hakuna atakayekucheka.

Wakuu, waliipenda ile ishara kuliko nilivyotarajia. Kesho yake nikasema tufungue madaftari tuandike namba, darasa zima viganja juu.

Siku ikafika. Kila mtoto na kofia yake na chupa yake ya maji. Tulianzia nchi kavu. Tukafikicha majani ya mndimu, tukafikicha mrehani, wakafumba macho wakawa wanabahatisha. Kisha tukaingia kwenye mikoko na nikawapeleka kwenye mchu, aina mojawapo ya mkoko. Jani la mchu ukiligeuza au ukililamba unakuta chumvi. Nikalamba la kwangu kwanza.

"Madam, mti una chumvi!"

"Nani kautia?" akauliza Shamte.

Nikawaambia mti unaivuta kwenye maji ya bahari halafu unaitoa kwa majani. Akalitazama jani kwa muda, akaniuliza kama mti nao unatoka jasho. Nikamwambia ni kama hivyo. Sijui kama mtaalamu wa miti angekubali, lakini pale niliona limetosha.

Tukafika kwenye tope. Viatu vikavuliwa. Hatua ya kwanza tu, ile harufu ya tope la mikoko ikapanda, mnaijua, kama yai viza. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Nani kajamba?" Basi. Kicheko kile sitakisahau. Walikuwa wanarukaruka ili tope litoe harufu tena.

Hafsa nilikuwa nimemtandikia mkeka kwenye mchanga mkavu, amevaa viatu na soksi zake, ameshika jani la mndimu puani. Hakuwa analia. Kwa Hafsa hiyo ilikuwa siku nzuri sana.

Ndipo Baba Hafsa akafika na pikipiki. Alikuwa amechelewa, dukani kulikuwa na wateja. Akasalimia vizuri, akakunja suruali, akatazama watoto. Kisha akamwona wa kwake amekaa peke yake.

"Huyu mbona hayupo na wenzake?"

Nikamwambia, "Yuko sawa hapo, Baba Hafsa, tumwache kidogo."

"Kidogo kidogo ndiyo imemharibu."

Akamnyanyua. Kabla sijafika alikuwa ameshamvua viatu na soksi na amemshika kwapani, miguu inaning'inia juu ya tope. Mtoto akainua kiganja. Kiganja kimenyooka mbele ya kifua kama nilivyowafundisha.

Baba yake hakujua maana yake.

Shamte ndiye aliyepiga kelele, "Kasema imetosha! Baba Hafsa, kasema imetosha!"

Akamshusha. Nyayo zikagusa tope. Wakuu, nisiwaeleze ule ukelele. Mtoto alilia mpaka akatapika, na watoto wote wakanyamaza, wengine wakaanza kulia naye.

Nilikuwa na hofu, nikiri hilo. Huyu ndiye aliyenisaidia kwenye grupu. Akigeuka, wazazi nusu wanageuka naye. Lakini miguu ilikuwa imeshanipeleka. Nikanyoosha mikono nikasema, "Baba Hafsa, naomba mtoto."

"Madam, huyu ni mwanangu."

"Najua. Lakini ameniambia imetosha, na nilimwahidi nikiambiwa hivyo nitasikia. Naomba mtoto."

Akanitazama. Akanipa. Akageuka, akaelekea kwenye pikipiki yake.

Nikajua imeisha. Jioni kutakuwa na meseji ya sauti nyingine.

Somoe akawachukua wengine wakatazame kaa upande wa pili. Mimi nikamwosha Hafsa miguu kwa maji ya chupa, nikamfuta, nikamrudishia soksi na viatu, nikamfunika kichwa na kanga yangu akawa kama yuko kwenye hema. Sikumwambia nyamaza. Nikakaa tu.

Kilio kikawa kwikwi. Kwikwi ikaisha. Pakawa kimya kabisa.

Kutoka ndani ya kanga akauliza, "Kinalia nini?"

"Nini, mama?"

"Hicho."

Nikasikiliza. Mwanzoni sikusikia kitu, ndege tu na watoto kwa mbali. Kisha nikasikia. Tope lenyewe lilikuwa linalia. Pa, pa, tik, pa, sauti ndogondogo kila mahali, vijitundu vinafunguka, vidudu humo ndani vinagonga. Nilikuwa nimelipita tope lile mara ngapi sijui, sijawahi kulisikia.

Akasema, "Kama mafuta ya maandazi."

Ni kweli kabisa. Kama unga unapotumbukizwa kwenye karai.

Akatoa kichwa. Akataka kijiti. Nikampa. Akasogea mwisho wa mkeka, akachokonoa kijitundu kilichokuwa karibu. Kaa mdogo akatoka amenyanyua gando lake moja kubwa, akamtazama, akarudi ndani mbio. Hafsa akacheka. Akachokonoa kingine.

Baadaye kijiti akakiweka chini. Akanyoosha kidole kimoja, ncha tu, akagusa tope. Akakifuta kwenye kanga yangu haraka. Akakitazama kidole. Akagusa tena. Akafuta tena.

Hiyo ndiyo habari yote, wakuu. Hakuingia kwenye tope. Hakuvua viatu. Ni ncha ya kidole.

Nilipogeuka nikakuta Baba Hafsa hajaondoka. Amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Akachuchumaa, taratibu, mbali kidogo na mkeka.

Hafsa akamwambia bila kumtazama, "Baba, sikiliza maandazi."

Akasikiliza. Mtu mzima, duka kubwa, amechuchumaa ametega sikio kwenye tope. Akasema, "Eh. Maandazi kweli."

Wakati tunawaosha watoto ili turudi, akanifuata pembeni. Nikajiandaa kwa lawama. Akasema, "Madam, mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa siwezi mlenda. Nikiuona tu unavutika, roho inataka kutoka. Mzee akawa ananichapa mpaka niumeze. Watu wote wanasema nilizoea."

Akaanza kukunjua suruali.

"Mpaka leo mke wangu akipika mlenda, mimi nasema nina kazi dukani."

Nikamwambia tu, "Pole, Baba Hafsa." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumbeba mwanawe.

Meseji ya sauti jioni ilikuja kweli. Niliifungua palepale. Alikuwa anawaeleza wazazi wenzake maana ya kiganja. Akamaliza, "Mimi leo nilikosea, naomba msirudie kosa langu." Kwenye grupu lile, wakuu, sijawahi kuona mwanaume akiomba radhi kabla yake.

Tangu hapo mama yake Hafsa amempeleka hospitali kuulizia, na wameelekezwa kwa mtaalamu wa watoto. Bado wanaendelea, na mimi sitasema zaidi kwa sababu ni yao. Darasani, Hafsa sasa anashika gundi kwa kijiti. Siku akichoka anainua kiganja, tunaendelea na mengine. Yule mama aliyesema matope yapo nyumbani ameniuliza tunatoka tena lini.

Nilichojifunza ni hiki, kwa walimu na wazazi mlio humu. Kumtoa mtoto nje hakuhitaji vifaa vya kununua, kunahitaji mtu mzima aliyetangulia kupakagua na anayejua maji yanarudi saa ngapi. Lakini zaidi ya hapo, matembezi ya kugusa na kunusa hayana maana kama mtoto hana ruhusa ya kukataa. Mimi nilidhani wanaoshinda siku hiyo ni wale waliorukaruka kwenye tope. Wale walifurahi, na ni haki yao. Ila aliyetufundisha sote kusikiliza ni yule aliyesema hapana.

Msimu wa mabibo tunafikiria kuomba ruhusa ya shamba la mikorosho, njia ya kwenda Likawage. Wenyeji wa huko, au yeyote aliyewahi kutoka na watoto wadogo shambani, nipeni uzoefu: nyoka, upupu, utomvu wa korosho, chochote ambacho mimi mtu wa pwani sikioni. Na wenye watoto kama Hafsa, semeni mnafanyaje nyumbani. Nitasoma kila koment.

Na wewe mkuu uliyewahi kuchapwa mpaka ukazoea kitu, hebu niambie bila aibu.

Ulizoea kweli?