Mama Mvua Aingia Soko la Fedha za Kigeni

Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa, kando ya uwanja mdogo wa ndege. Kila baada ya saa tatu alitoka nje na kalamu yake, akasoma kipimajoto, akapima maji yaliyoingia kwenye kopo la mvua, akayatazama mawingu bila kuyaonea haya, kisha akapiga simu makao makuu na kuwasomea tarakimu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Mvua, na kunyeshe kusinyeshe, lawama zilikuwa zake.

Alipostaafu alipewa saa ya ukutani, kiinua mgongo na siku ndefu zisizo na kazi. Mwezi wa kwanza alilala mpaka akachoka kulala. Mwezi wa pili akaanza kwenda karakana ya mumewe kumpimia unyevu wa mbao. Mumewe alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na milango mingi. Alivumilia wiki mbili. Ya tatu akamwambia kwa upole kwamba mbao zimekauka vya kutosha, na kwamba labda atafute jambo lake mwenyewe.

Jambo lenyewe lililetwa na shemeji yake, mdogo wa fundi, kinyozi mwenye kibanda cha viti viwili karibu na posta. Shemeji huyu hakupitwa na kitu. Aliwahi kufuga sungura, akauza maji ya chupa, akajifunza kupiga picha za harusi, na kila mara alirudi kwenye mashine yake ya kunyolea akiwa na furaha ileile. Asubuhi hiyo aliingia na simu mkononi, akaketi kabla ya kukaribishwa, akamwonyesha Mama Mvua mchoro wa vijiti vyekundu na vya kijani vikipanda na kushuka. Alisema hiyo ndiyo biashara ya fedha za kigeni: unanunua yuro kwa dola, yuro ikipanda unauza, faida yako, nawe hujainuka kwenye kochi.

Mama Mvua alivaa miwani. Mchoro ulimkumbusha zile karatasi za kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, alizokuwa akizibandua kila Jumatatu. Aliuliza ni kitu gani kinachoipandisha yuro. Kinyozi alijibu kuwa ni soko. Akauliza na soko linasukumwa na nini. Kinyozi akasema hayo anayajua Profesa.

Profesa huyo hakuwa wa chuo chochote. Alikuwa mtu mwenye sauti nzito aliyeendesha kundi kwenye simu. Kila asubuhi aliwatumia wanachama utabiri wa bei, nao wakamlipa ada ya mwezi. Sasa alikuwa na jipya: ukimkabidhi fedha zako afanye biashara kwa niaba yako, baada ya miezi mitatu anakurudishia mara mbili. Kinyozi alitaka shemeji yake atoe nusu ya kiinua mgongo, waingie pamoja.

Mama Mvua hakukubali wala hakukataa. Aliomba apewe mwezi mmoja, na kila asubuhi atumiwe huo utabiri wa Profesa.

Alinunua daftari kubwa. Upande wa kushoto aliandika alichotabiri Profesa, upande wa kulia kilichotokea kweli. Kisha akamwita binti yake, aliyekaa mitaa miwili kutoka pale na aliyekuwa mjamzito wa miezi michache, aje amfungulie akaunti ya mazoezi kwenye kompyuta. Ni akaunti ambayo bei zake ni za kweli lakini fedha zake ni za kuchezea. Binti alimwekea dola elfu kumi za bandia, akamwachia mama yake maelekezo kwenye karatasi, akaenda zake.

Siku ya tisa fundi seremala alirudi kula chakula cha mchana, akamkuta mkewe ameketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani, jiko halijawashwa. Alimuuliza nani amefariki.

"Nimefilisika," alisema Mama Mvua.

"Kiasi gani?"

"Dola elfu kumi."

Fundi alitafuta kiti kwa mkono, hakukipata, akaketi sakafuni. Ilichukua muda kumweleza kuwa zilikuwa za mchezo. Alipoelewa alicheka mpaka machozi yakamtoka, akabaki palepale chini akipepewa kwa karatasi ya maelekezo. Mkewe hakucheka hata kidogo. Fedha zilikuwa za bandia, alisema, lakini kosa lilikuwa la kweli, na alitaka kulijua.

Kosa alilijua baada ya siku mbili za kusoma. Dalali wa soko hili humruhusu mteja kununua kwa thamani kubwa mara nyingi kuliko alichoweka, na anayenunua mara hamsini ya uwezo wake huumia mara hamsini bei ikiteleza kidogo. Yeye alikuwa amejitanua bila kujua. Akaanza upya na sheria alizoziandika ndani ya jalada. Asiweke hatarini zaidi ya sehemu moja ya mia kwa biashara moja. Kabla ya kununua aweke kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifika tu biashara ijifunge yenyewe. Na asinunue kitu ambacho hawezi kumweleza mumewe kwa nini kitapanda.

Sheria hii ya mwisho ilimtoa fundi jasho. Ilibidi asikilize habari za riba za benki kuu za nchi asizowahi kuziona, huku akipiga randa. Lakini siku moja alimkatiza. "Kumbe hununui yuro tu," alisema. "Unainunua hii na kuiuza ile kwa wakati mmoja. Ni kama bembea. Wa huku akipanda, wa kule ameshuka." Mama Mvua alimtazama kwa heshima mpya, akayaandika maneno hayo kama yalivyo.

Mwezi ulipokwisha, kinyozi alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Mama Mvua alimfungulia daftari. Katika utabiri ishirini na mbili, Profesa alipatia kumi, akakosea kumi na mmoja, na mmoja haukueleweka kabisa alikuwa anasema nini. Kinyozi alisema yeye mwenyewe ameshapata faida mara mbili. Alipoulizwa amepata hasara mara ngapi, alianza kukagua kucha zake. Ndipo ikatoka kwamba amepata mtu wa kununua kiti chake cha pili pamoja na kioo, na kwamba fedha hizo zinakwenda kwa Profesa Ijumaa.

"Shemeji," alisema Mama Mvua, "nimewaandikia marubani hali ya hewa miaka thelathini na moja. Hata siku moja sikuwaahidi jua. Huyu anakuahidi jua la miezi mitatu."

Alimwomba jambo dogo tu: amuulize Profesa maswali matatu. Amesajiliwa na mamlaka gani? Fedha zitakaa kwenye akaunti ya jina la nani? Na mwaka jana alipata hasara kiasi gani? Kinyozi aliyaandika palepale kochini, kwa adabu zote, akatuma. Walikunywa chai. Kabla vikombe havijaisha, simu ikalia. Kinyozi alikuwa ameondolewa kwenye kundi.

Alinuna wiki nzima, kana kwamba shemeji yake ndiye aliyemfukuza. Kisha mteja aliyemwingiza kwenye kundi akaja kunyoa, akasimulia kuwa ameomba fedha zake tangu mwezi uliopita na Profesa hapokei tena simu. Jioni ileile kinyozi alibisha hodi akiwa na papai kubwa, hakueleza la nini, na hakuulizwa. Kiti cha pili kilibaki mahali pake.

Mama Mvua aliendelea na mazoezi miezi minne. Kisha akachukua orodha ya madalali wenye leseni, akachagua mmoja, akaweka fedha halisi kiasi cha bei ya mlango mmoja wa mumewe. Kiinua mgongo chenyewe hakukigusa. Siku ya biashara ya kwanza fundi aliacha gundi ikikauka, akaja kusimama nyuma ya kiti. Kinyozi alifunga kibanda. Mama Mvua alibonyeza kununua. Baada ya dakika ishirini bei ilifika kwenye kikomo, biashara ikajifunga. Hasara ilikuwa bei ya mikate miwili.

"Imeisha?" aliuliza fundi.

"Imeisha. Na imeisha nilipotaka iishie," alisema mkewe, akiwa na uso wa mtu aliyeshinda.

Ya pili ilipata, ya tatu ikapata, ya nne ikala sehemu ya faida hiyo. Baada ya wiki kadhaa faida yote ilitosha jozi ya viatu, tena vya kawaida. Fundi alitania kwamba utajiri umeanzia miguuni, ukipanda taratibu utafika kichwani wakiwa na miaka mia na kumi.

Biashara yake nzuri kuliko zote aliifungua Jumatano moja asubuhi. Alikuwa amesoma, amesubiri, ameweka kikomo, na bei ilianza kusogea kwa upande wake kidogokidogo. Saa nne simu ya mkwewe ikaingia: binti amepelekwa hospitali, uchungu umeanza. Mama Mvua hakukaa hata dakika. Alifunga biashara kwa faida ya senti chache, akazima kompyuta, akavaa viatu vyake vipya na kutoka.

Alasiri kinyozi alifika wodini akiwa na uso wa msiba. Alikuwa akiufuata mchoro tangu asubuhi. Yuro ilikuwa imepanda mchana kutwa bila kupumzika, na alikuwa amepiga hesabu ya kile ambacho shemeji yake angekipata kama angeiacha tu ijiendeshe. Akaanza kuitaja.

"Shika huyu kwanza," alisema Mama Mvua, akamwekea mjukuu mchanga mikononi.

Kinyozi alikauka kama mti, viwiko nje, akiogopa hata kupumua. Yule mtoto wa kike alifungua jicho moja, akamkagua, akapiga chafya, akalala. Hesabu haikutajwa tena siku hiyo. Alhamisi Mama Mvua alikuwa kwa binti yake akifua nguo ndogondogo. Jumatatu alirudi kwenye kompyuta, akafungua biashara mpya, akapata hasara kidogo kwa utaratibu kabisa, kisha akaenda kuinjika uji wa mzazi.