Sentensi ya Nne ya Mwalimu Kaimu

Mwaka 2007 Kaimu alikuwa akifundisha kompyuta mjini Nachingwea, katika chumba chenye mashine nne. Alichojivunia kuliko vyote kilikuwa karatasi ya maelekezo aliyowaandikia wanaoanza. Sentensi yake ya nne ilisema: "Neno lako la siri liandike mahali ambapo halitapotea."

Jumatatu moja Zuleha, mwanafunzi wake kutoka Nambilanje, aliingia macho mekundu. Chuo cha uuguzi kilichompa nafasi kilikuwa kimemjibu kwa barua pepe: kimepokea taarifa yake kwamba ameolewa, hivyo nafasi atapewa mwingine.

"Sijaolewa, mwalimu! Wala sijaandika. Ni Rahimu, binamu yangu. Nimembana, anacheka tu, eti binamu ni mtani."

"Neno lako la siri alilijuaje?"

"Lipo sebuleni, ukutani. Nililiandika kwa mkaa chini ya namba ya simu ya mjomba."

"Ukutani, Zuleha?"

"Sasa mwalimu, karatasi si inaliwa na mchwa? Kwetu kisichotakiwa kupotea kinakaa ukutani."

Karipio lilikuwa limeshamfika Kaimu mdomoni. Akalimeza. Hata nyumbani kwao Mnero namba zote za simu zilikuwa ukutani. Binti huyu alikuwa ametii sentensi ya nne, neno kwa neno.

Wakabadilisha neno la siri, kisha wakakiandikia chuo. Kaimu alianza: "Mwanafunzi wangu alifanya uzembe." Akaitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu, akaifuta. Akaandika: "Maelekezo niliyompa hayakueleweka. Kosa ni langu." Akaweka jina lake kamili.

Siku tatu chuo kilikaa kimya. Kaimu akaiandika karatasi upya, akampelekea Mwamina, muuza vitumbua wa jirani, ambaye hajawahi kushika kompyuta.

"Ukisoma hapa, mama, utafanya nini?"

Mwamina akasoma taratibu. "'Usimwonyeshe mtu yeyote.' Na mume wangu?"

"Naye pia."

"Basi mtaje, baba. Sisi hatumwiti mume mtu yeyote!"

Kaimu akacheka, akaongeza: mume, mke, binamu, mwalimu.

Alhamisi Zuleha alirudi kuangalia barua. Alipoanza kubonyeza herufi za siri, Kaimu akampa kisogo. Barua ikafunguka.

"Wanasema niende," Zuleha akasema. "Nibebe barua ya mtendaji wa kata. Jumatatu niwe nimefika."