Siku Nilipocheka Barazani Kagoma

Nimekosa, na sitatafuta mtu wa kugawana naye kosa hili. Sikudanganywa, sikulewa, sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, na hizo akili zenyewe ndizo zilizonipoteza!

Jina langu silitaji. Nitasema tu kwamba mimi ni Mhaya, mtoto wa wakulima Wakatoliki, na kwamba nilipelekwa Uingereza kusoma falsafa. Shahada ya kwanza niliipata. Katika shahada ya pili nilichagua kuandika juu ya haki za binadamu, na mwalimu wangu akanishauri nirudi nyumbani kutafuta mfano ulio hai. Mfano ulio hai! Laiti ningeyapima maneno hayo siku ile kama ninavyoyapima sasa.

Mfano nilioupata ni Ma Kokubelwa wa Kagoma, huko Muleba.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya kwetu, nieleze kidogo. Ziko ardhi zinazoitwa nyarubanja. Mwenye ardhi huitwa mtwazi, na anayekaa humo, akilima migomba na kahawa, ni mtwarwa wake. Mtwarwa anaweza kuzaliwa katika kibanja kile, yaani shamba analokalia, akaoa humo, akazika humo, na bado kisiwe chake. Akipika pombe ya ndizi, ile tunayoiita rubisi, kibuyu cha kwanza hupelekwa kwa mtwazi kabla hajaonja mtu mwingine yeyote. Kibuyu hicho ndicho kinachosema, “Bado nakutambua.”

Ma Kokubelwa alikuwa mjane. Mumewe na wanawe wawili wa kiume walikuwa wamelala nyuma ya nyumba, makaburi matatu chini ya migomba, nayo aliyafagia kila Jumamosi kama sebule. Kwa mila, mjane asiye na mrithi wa kiume hakuwa na mguu wa kusimamia pale ila hisani ya mtwazi. Jambo hilo nililijua! Nililiandika mwenyewe katika daftari langu, ukurasa wa nne, kwa mwandiko safi.

Nilikaa kwake majuma sita. Alinilisha ndizi na maharage, akaniita mwanangu, akanijibu kila swali. Nami nikamlipa kwa kumfundisha.

Siku moja alikuwa akiziba mdomo wa kibuyu kwa jani la mgomba, tayari kukipeleka. Nikamwuliza kwa nini anakipeleka.

“Kwa sababu hupelekwa,” akasema.

“Ma, binadamu wote wamezaliwa sawa. Hakuna haki inayomlazimisha mtu kumnyenyekea mtu mwenzake kwa kibuyu.”

“Sheria ya wapi hiyo?”

“Ya dunia nzima. Mataifa yamekaa yakakubaliana.”

Akanitazama kwa makini. “Na mtwazi alikuwapo walipokubaliana?”

Swali lile lilinipendeza mno. Badala ya kulijibu, nililiandika!

Siku ya pili nilirudia. Siku ya tatu nikamsomea tamko lenyewe la mataifa, nikimfasiria katika Kihaya sentensi moja moja. Nilimwambia kwamba mtu mmoja akikataa kwa amani, sheria itabidi imjibu, na jibu hilo litawafaa watwarwa wote wa nchi hii. Yote haya ni kweli, na hadi leo nayaamini. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo: sikumfundisha uongo.

“Nisipopeleka, nitaitwa barazani,” akasema hatimaye.

“Utaitwa.”

“Na wewe?”

“Nitakuwapo. Nitasimama niseme kwamba mimi ndiye niliyekwambia.”

Alichukua tunda moja la kahawa, akalipasua, akatafuna punje moja, ya pili akanipa mimi. Tunda moja, punje mbili, watu wawili. Aliyezaliwa huku haelezwi maana yake; mababu zetu walifanya udugu kwa kahawa, na mvunjaji wa udugu huo hakuwa mtu tena. Nilitafuna. Kisha nikaandika daftarini: “Ishara ya uaminifu, ingali hai.”

Rubisi iliyofuata ilipoiva, kibuyu hakikwenda.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Bukoba mjini, nikipanga chumba Hamugembe kwa Salimu, fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Salimu alinipenda na kunidhihaki kwa kipimo kilekile. Nilipomsimulia habari za Ma Kokubelwa, akasimamisha cherehani.

“Profesa, vitabu vyako vinasemaje mama wa watu akitupwa nje?”

“Haitafika huko.”

“Huko ndiko inakofika siku zote, ndugu yangu. Mimi ndiye ninayewashonea suruali hao watwazi. Viuno vyao navijua, na roho zao nazijua. Utakwenda kumsemea?”

“Nimeahidi.”

“Hujajibu. Nimeuliza utakwenda?”

Nilikwenda. Ee Mungu wangu, heri ningevunjika mguu njiani!

Baraza liliketi asubuhi, mbele ya mkungu, mkuu wa kijiji, na wazee wake. Kabla halijaanza, mtwazi alinijia mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa pia mjumbe wa halmashauri iliyonisomesha.

“Msomi wetu! Habari zako njema zimetufikia. Jina lako tumekwisha kulipitisha urudi Uingereza umalize. Imebaki sahihi yangu tu.”

Hakunitisha. Sidhani hata alijua lolote. Alitabasamu, akaenda kuketi.

Ma Kokubelwa aliitwa. Alikuwa amevaa kanga ya kanisani. Alipoulizwa kwa nini hakupeleka kibuyu, alijibu neno kwa neno kama nilivyomfundisha: kwamba binadamu wote wamezaliwa sawa, na kwamba kibanja atakilima na kukitunza, lakini kunyenyekea si deni.

Wazee wakanong’onezana.

“Maneno haya si ya jembe,” mkungu akasema. “Nani kakufundisha?”

“Yupo hapa,” Ma Kokubelwa akajibu, bila kunitazama. “Atasema mwenyewe.”

Alikuwa na hakika, msomaji! Hakunyosha hata kidole. Aliniachia mimi nafasi ya kusimama kwa hiari yangu, kama mama anavyomwachia mwanawe aliyekwisha kukua.

Nami nikaanza kufikiri.

Nilifikiri hivi: nikisema kweli, masomo yangu yanakatika leo. Yakikatika, kitabu changu hakiandikwi. Kisipoandikwa, watwarwa maelfu hawatakuwa na mtu wa kuwasemea mbele ya wakubwa. Mmoja upande huu, maelfu upande ule. Nikajiuliza tena kama ahadi kwa mtu mmoja inaweza kuzidi wajibu kwa wengi. Niliwakumbuka wanafalsafa, nikawapanga kulia na kushoto, na wote, kwa namna ya ajabu, wakaniruhusu kukaa kitako.

“Msomi,” mkungu akaniuliza, “wewe ulikaa kwake. Ni wewe?”

Nikasimama. Nikasema, “Waheshimiwa, mimi nakusanya mila za zamani tu. Simshauri mtu. Pengine mama alinielewa vibaya.”

Mtwazi akapiga paja. “Basi ni migomba iliyomfundisha! Mume hana, mtoto wa kiume hana, jino la mbele hana, lakini haki anazo! Mama, hizo haki umezichimba wapi, tukachimbe na sisi?”

Baraza zima likacheka. Wazee, makarani, hata wanawake waliosimama nje ya ua.

Na mimi nilicheka.

Tafadhali nielewe, kwa maana nimekesha miezi nikilipima jambo hili. Sikucheka kwa nje huku nikilia moyoni. Hapana! Nilicheka kweli, kwa raha ya mtu aliyeponyoka, na mzaha ule wa jino ulinichekesha. Nilicheka hadi nikajipangusa macho, na nilipoyafungua nikamkuta Ma Kokubelwa ananitazama.

Hakulia, wala hakunilaani.

“Basi ni kichwa changu mwenyewe,” akaliambia baraza, “kimezeeka.”

Alipewa siku saba. Aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kuja Jumamosi kufagia makaburi. Mtwazi akasema kibanja kitakuwa na mtu mwingine, na mtu mwingine hapendi wageni. Mtwarwa mpya aliingia siku ya nane. Mwezi haukwisha, alikuwa amepanda viazi vitamu nyuma ya nyumba, moja kwa moja, juu ya mume na juu ya watoto.

Sahihi yangu niliipata. Nikapanda meli, nikarudi, nikaandika.

Sura ya tatu ilikuwa ya Ma Kokubelwa. Nilieleza kibuyu, kahawa, hata lile swali lake juu ya mtwazi na mataifa. Watahini waliisifu kuliko sura zote. Mmoja wao, mzee mpole mwenye nywele nyeupe, akaniuliza, “Mwanamke huyu, mambo yake yaliishaje?”

“Kesi yake ingali mbele ya baraza,” nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa. Akaandika kitu. Nikafaulu.

Niliporudi Bukoba nilikwenda moja kwa moja kwa Salimu. Aliendelea kushona.

“Salama, Salimu?”

“Salama, Profesa. Chumba kimepata mtu.”

“Sikuja kwa ajili ya chumba. Yuko wapi?”

“Kaagya, kwa dada yake. Anachuma kahawa za watu.” Akakata uzi kwa meno. “Kajipeleke. Ila usibebe daftari.”

Nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anachambua kahawa mbovu na nzima. Mikono ilikuwa imekonda. Nilipiga magoti mbele yake, mimi mwanamume, mbele ya dada yake na watu waliokuwa wakipita, na nikamwambia yote: sahihi, hesabu za kichwani mwangu, kicheko. Nikamwambia kesho yake nitakwenda kwa mkungu, nitakwenda hata kwa Bwana DC, nikiri kwamba nilisema uongo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kahawa mbovu huku, nzima huku.

“Ukisema, watanirudishia kibanja?”

Alijua kama mimi nilivyojua. Hukumu ilikuwa juu ya kibuyu, si juu ya nani alisema nini, na mtwarwa mpya alikwisha kuzaa humo.

“Nijibu. Wewe ndiye mwenye kusoma.”

“Hapana, Ma.”

“Sasa ukisema, nani atapona?”

“…Mimi.”

“Basi usiende,” akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkataza mgeni asijisumbue kubeba maji. “Wangu siwezi kuwafagilia. Na wewe usijifagilie. Kaa nayo.”

Kisha akamwita dada yake aje anisindikize, kwa maana mgeni hatoki peke yake.

Nimekaa nayo. Na hata haya ninayoyaandika leo, bila jina langu, sijui kama si njia ya wizi ya kujifagilia. Nimelifikiri hilo pande zote na sioni upande ambao mimi ni msafi.

Lakini wewe mwenzangu unayekwenda vyuoni kusoma haki, sikia! Usimfundishe mtu neno ambalo bei yake italipwa na yeye peke yake. Kama huwezi kutoa chako, funga kitabu, kula ndizi ulizopewa, sema asante, ondoka.

Na wewe mama, wewe baba uliye katika kibanja cha watu: akikujia kijana mwenye daftari na maneno mazuri, msikilize, kwa maana huenda ni ya kweli. Halafu muulize siku ya baraza atakaa upande gani. Akijibu papo hapo, mpe kiti.

Akianza kufikiri, mfukuze.